Kisu cha Kwenda Rujewa

Juzi, pale sokoni Soweto, nilimwona muuza visu akikata kamba mbele ya mteja, nikasikia upya harufu ya mwanzi mbichi uani kwetu Ipogolo.

Mchana mmoja nilipokuwa mtoto, baba, mguu wake uliovunjika ukiwa bado haujapona, alikuwa akikijaribu kisu ambacho mama angebeba kwenda Rujewa kulinda mpunga wetu, akilala shambani peke yake. Alipasua mwanzi, akakata kamba ya katani, akachonga vigingi vya turubai. Kadiri kisu kilivyofanya vizuri, ndivyo alivyozidi kununa.

“Mpini unateleza,” alilalamika.

“Hautelezi, Baba Upendo,” mama alijibu.

“Makali yataisha upesi.”

“Nitanoa.”

Nilimkasirikia baba. Niliona anakionea kisu kisicho na kosa, nami njaa ilikuwa inaniuma. Sasa najua alikuwa akitafuta kasoro moja tu ya kumzuia mama asiende, na hakuipata. Alipasua mwanzi mwingine, na mwingine, mpaka jasho likamtiririka. Mwishowe alikifuta kwenye suruali, akampa mama akitanguliza mpini, bila kumtazama.

“Haya,” alisema. “Kimekubali.”