Mimba ya Felisita na Washauri Wake

Mwaka ule makampuni ya watu binafsi yalipoanza kugombania pamba na chama cha ushirika, Felisita alikuwa amekwisha kujihesabu kuwa mstaafu wa uzazi. Umri wake ulikuwa arobaini na nne. Alikuwa na watoto sita, na binti yake mkubwa, Gloria, ameolewa Maswa na amekwisha kumpatia mjukuu. Kwa hiyo siku zake zilipokosekana wakati wa kupanda, hakushtuka. Aliona ni umri tu, akashukuru. Kichefuchefu kilipomshika alisingizia dagaa, akaacha kula dagaa. Tumbo lilipoanza kujaza kanga alisingizia michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, akapunguza michembe.

Ukweli aliupata shambani, wakati wa palizi. Alikuwa ameinama katikati ya mistari ya pamba, mara kitu kikamrushia teke chini ya kitovu. Akasimama wima na jembe mkononi.

"Haiwezekani," akasema kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Kikarusha teke jingine.

Hakulia wala hakufurahi. Alichoka. Alichoka papo hapo, kabla hata uchovu wenyewe haujafika, kwa kuwa njia yote aliijua: miguu kuvimba, kukesha na mtoto, nepi kwenye kamba, na maneno ya watu. Hasa maneno ya watu.

Jioni alimwambia mumewe, Mayala, wakati anafungua nira za maksai. Mayala alicheka mpaka ng'ombe mmoja akageuka kumtazama.

"Mama Gloria! Kumbe bado tumo!"

"Wewe umo. Mimi nimechoka."

Mayala alikuwa mtu mwema. Hakuwa mlevi, hakuwa mkali, na jembe alilijua. Lakini alikuwa na kasoro moja iliyomkondesha mkewe miaka yote: alikubaliana na kila aliyezungumza naye mwisho. Ukitaka Mayala awe upande wako, ilibidi uhakikishe hakutani na mtu mwingine njiani.

Wa kwanza kukutana naye alikuwa mama yake, Bibi Kwandu, aliyekaa kwenye nyumba ya pili ndani ya uzio uleule, nje kidogo ya Lagangabilili. Bibi Kwandu hakushangazwa na mimba. Alisema hiyo ni kazi ya wahenga wa ukoo, hawajapata mtu wa kuwarithi jina. Akaenda kwa mganga kuangaliziwa, akarudi na majibu: anayekuja ni mzee Bundala, babu yake Mayala, naye anataka kuzaliwa ndani ya mji wake, si kwa wageni.

"Mayu, mganga kaonaje hayo yote?" Felisita akamuuliza mama mkwe wake.

"Kaona kwenye kuku."

"Kuku yupi?"

Bibi Kwandu akatazama pembeni. Felisita akaenda nyuma ya nyumba kuhesabu kuku wake, akakuta tetea mweusi aliyekuwa anataga hayupo. Alikaa chini juu ya kinu. Hata kuku wake mwenyewe alikuwa ametoa ushauri.

Tatizo halikuwa utani, naye alilijua. Alipomzaa mtoto wake wa mwisho, nyumbani, damu ilikataa kukatika. Walimpeleka juu ya mkokoteni wa ng'ombe, kanga zimelowa, na yeye anaona mbingu inakuwa nyeupe mchana wa jua kali. Alipona, lakini weupe ule hakuusahau. Ndiyo maana, bila kumuaga mtu, alipanda gari la mnadani akaenda hospitali ya Bariadi.

Kwenye kliniki ya wajawazito alikuta benchi limejaa wasichana. Nesi akapita anaita, akamfikia, akamwamkia kwa adabu.

"Shikamoo bibi. Mwenye mimba yuko wapi? Ameenda chooni?"

"Marahaba. Mwenye mimba ni mimi."

Nesi akachungulia nyuma ya Felisita, kama vile mtu mwingine amejificha mgongoni kwake. Benchi zima likageuka. Msichana mmoja akafunika mdomo kwa kanga.

"Chekeni," Felisita akawaambia. "Na ninyi mtafika."

Daktari aliyempima alikuwa kijana, lakini hakumcheka. Alimsikiliza habari ya ile damu mpaka mwisho. Kisha akamwambia wazi: kwa umri wake, kwa wingi wa watoto aliozaa, na kwa yaliyompata mara ya mwisho, asithubutu kuzalia nyumbani. Aje akae karibu na hospitali kabla uchungu haujaanza. Aje na mtu wa kumtolea damu, ikihitajika. Na aje na glavu, wembe, uzi na pamba, kwani siku hizi ni za kuchangia.

"Pamba ninalima," Felisita akasema.

Daktari akatabasamu. "Hii ni ya dukani, mama. Jambo la mwisho: umewahi kufikiria kufunga kizazi?"

"Nifungeni hata leo."

"Kwanza uzae. Halafu mzee naye lazima akubali, aweke sahihi."

Felisita akahesabu kwa vidole. "Tumbo langu, mgongo wangu, damu yangu. Sahihi ya Mayala?"

"Ndio utaratibu, mama."

Alirudi nyumbani akiuchukia utaratibu. Alimweleza Mayala yote, Mayala akakubali yote. Asubuhi yake Mayala alikwenda senta kununua sabuni, akakutana na Kristofa.

Kristofa alikuwa amefungua zahanati yake katika chumba kilichokuwa stoo ya mbolea ya ushirika. Zamani alikuwa msaidizi wa kufunga vidonda mahali fulani, sasa alivaa koti jeupe na watu walimwita dokta. Homa, yeye dripu. Mgongo, dripu. Mchumba kakukimbia, ungeweza kutoka na dripu vilevile. Mayala alirudi na sabuni, na habari kwamba hapana haja ya kwenda Bariadi kulaliana watatu kitanda kimoja, maana dokta Kristofa atafanya kila kitu hapahapa, kwa heshima.

"Damu ikinitoka atanipa nini?" Felisita akauliza.

"Dripu."

"Maji ya chumvi yawe damu?"

Mayala akafikiri. "Hilo sikumuuliza."

Wanawake wa jumuiya ya kanisani nao wakaja, wakasali, wakamtia moyo kwa kumtajia vikongwe wa Maandiko waliojaliwa watoto uzeeni. Felisita akawashukuru, akawapa karanga, na walipoondoka akajitazama kwenye kioo cha kunyolea cha Mayala kuona kama kweli amefikia huko. Gloria naye akatuma ujumbe kutoka Maswa kwamba anaona aibu mbele ya wakwe zake.

Pamba ilipopasuka, ukaitishwa mkutano wa familia. Mahona, kaka mkubwa wa Mayala, alikuja kuuongoza. Wakakaa wanaume na Bibi Kwandu kivulini mwa ghala, na Felisita, tumbo mbele, akawa anawaletea ugali, mlenda na maji ya kunawa. Kila akienda jikoni na kurudi, anakuta amekwisha kuzalishwa mahali pengine.

"Azalie hapa, mama atamshika," alisema Mahona. "Bundala hawezi kuzaliwa hospitali."

"Kwa Kristofa ni karibu," alisema Mayala.

"Na huko kufunga kizazi nilikosikia, hapana," alisema Mahona. "Ng'ombe wa mahari tulitoa wa mwanamke mzima, si wa nusu."

Felisita aliweka bakuli la mlenda chini, taratibu, kusudi asilimwage.

"Shemeji, mmemaliza?"

"Bado tunazungumza."

"Basi zungumzeni. Lakini huyu mtoto yumo ndani yangu, hayumo ndani ya kikao. Mimi nakwenda Bariadi kwa mdogo wangu Justina, nakaa huko mpaka nizae."

"Na pamba nani atachuma?" Mahona akauliza.

Hapo Felisita alicheka, kicheko kikavu. Sasa jambo lenyewe lilikuwa limesemwa. Wahenga, heshima, ukaribu wa Kristofa, vyote vilikuwa vimekaa juu ya gunia moja la pamba.

Alichuma, basi. Alichuma na tumbo lake, watoto wakimsaidia, mpaka marobota yakajaa nje ya nyumba. Kila siku alimkumbusha Mayala juu ya safari, na kila siku Mayala alisema kesho, kwa kuwa redio imesema makampuni yanapandisha bei, na anayeondoka nyumbani wakati huu ni mjinga.

Kampuni ya kwanza kufika ilikuja na lori la buluu na mzani mpya. Wakala wao, kijana wa Maswa aliyeitwa Deogratias, alikuwa na haraka ya mtu anayefukuzwa.

"Wazee, tupakie upesi! Wenzetu wapo kijiji cha pili, wakitukuta hapa itakuwa mnada."

Mayala akaita vijana. Walipogeuka kushika robota la kwanza wakamkuta Felisita amelikalia. Amevaa viatu, na mfuko wake wa glavu, wembe, uzi na kanga upo mapajani.

"Mama Gloria, inuka, wanapakia."

"Wapakie. Waanze na mimi."

"Usiniaibishe mbele za watu."

"Mayala, pamba hii nimeilima nikiwa na mimba, nimeipalilia nikiwa na mimba, nimeichuma nikiwa na mimba. Haiondoki hapa ikaniacha na mimba."

Bibi Kwandu akatoka, akaanza kumwita Bundala kwa sauti. Majirani wakasogea. Deogratias aliutazama mzani, akalitazama tumbo, akatazama barabara, ambako vumbi la lori jingine lilianza kuonekana.

"Mama unakwenda wapi?" akauliza.

"Bariadi."

"Na sisi tunakwenda Bariadi! Dereva, mpishe mama mbele! Mzee, mbona jambo dogo hivi mnaligeuza kesi?"

Basi Felisita akapanda mbele ya lori, pamba ikafuata nyuma. Njia nzima dereva aliendesha kama aliyebeba mayai, na kila shimo alimgeukia: "Mama, bado?" "Bado. Tazama mbele." Walipofika Bariadi shati la dereva lilikuwa limelowa kuliko la mpakiaji.

Justina, mdogo wake, aliuza mitumba sokoni na alimpokea kwa furaha. Felisita alidhani amepumzika. Kumbe Justina naye alikuwa na yake: asikae mlangoni, mtoto atakwama, asile mayai, mtoto atakosa nywele, asinyooshe mikono juu, kitovu kitajisokota. Felisita alikaa mlangoni, akala mayai, akaanika nguo.

Mayala alitokea baada ya soko la pamba kupungua, juu ya baiskeli, vumbi mpaka kwenye kope. Hakuja kumjulia hali. Mama yake ndiye aliyezungumza naye mwisho.

"Nimekuja turudi nyumbani," alisema, bado ameshika usukani. "Mama anasema ukirudi sasa atasahau yote."

Felisita alifungua mdomo amjibu, na uchungu ukamkamata hapohapo, asubuhi kweupe, akaegemea mlango alioambiwa asiukalie. "Weka baiskeli," alisema alipoweza. "Shika mfuko."

Alijifungua kabla ya saa saba. Mtoto alitoka analia kwa hasira, mzima, wa kike. Kisha, kama alivyoogopa, damu ikaja na haikukatika. Manesi wakakimbia, daktari yule kijana akaitwa, Felisita akachomwa sindano, akakandwa tumbo, akauona ule weupe ukianza kumwingia machoni. Safari hii, lakini, ulikuwa umezungukwa na watu wenye mikono.

Nje, nesi alitoka na beseni, amelifunika nusu. Mayala aliona kilichomo. Akakaa chini ukutani.

"Nani atamtolea damu?" nesi akauliza.

Hapakuwa na mtu wa kuzungumza naye kabla hajajibu. "Mimi," akasema.

Wakaipima damu yake, ikapatana na ya mkewe, wakasubiri ipimwe na maradhi ya kuambukiza, wakaitoa. Mayala, anayeangusha dume la ng'ombe kwa mikono, alizimia kabla chupa haijajaa, wakamalizia amelala. Alipozinduka walimpa soda. Daktari akaja na karatasi ya kufunga kizazi, akamweleza Mayala kile mkewe anachoomba. Felisita alikuwa ameongea nao mwenyewe, kwa sauti ndogo, kitandani: kama mtanishona, nifungeni kabisa, sirudi tena huku.

Mayala hakuuliza Mahona atasema nini. "Nimeliona lile beseni," alisema. "Yatosha." Akaweka sahihi, na soda ikamwagikia pembeni ya karatasi.

Bibi Kwandu aliletewa habari kwamba Bundala amezaliwa mwanamke. Akasema mganga alikuwa mzee, macho hayaoni vizuri. Mtoto akaitwa Joyness. Bibi huyohuyo ndiye aliyembeba mgongoni kuliko mtu yeyote, na tangu aliposikia habari ya ile damu, alimkataza mtu kumtaja Kristofa mbele yake.

Felisita aliishi. Alirudi nyumbani akiwa mwembamba na mwenye sauti ileile. Lakini kama alidhani mashaka yamekwisha, alikosea, maana sasa Mayala alikuwa na hadithi. Aliisimulia mnadani, kilabuni, kanisani mlangoni, hata kwa mawakala wa pamba: jinsi alivyomwaga damu yake mkewe aishi. Sehemu ya kuzimia haikuwemo. Na kila walipogombana juu ya jambo lolote, mbuzi au mboga, aliinua kidole.

"Kumbuka, Mama Gloria. Humo ndani inatembea damu yangu."

Felisita alivumilia mpaka msimu mwingine wa kupanda. Siku moja, anamnyonyesha Joyness na ugali uko motoni, Mayala akaanza tena. Felisita hakugeuka hata kumtazama.

"Kama ni damu yako," alisema, "basi hiyo iliyobaki humo kwako iende ikachote maji. Hii ya kwangu imechoka."

Mayala akasimama kidogo, akitafuta mtu wa kumuuliza. Hakumwona. Akachukua ndoo.