Kichwa cha Msusi wa Matonge

Wateja wa duka lile la nywele la Matonge, mtaa wa Waafrika huko Ulaya, ndani ya ujia wenye paa la vioo karibu na Porte de Namur, walimjua Rolande kwa mikono kabla ya kumjua kwa uso, kwa sababu waliketi wakimpa kisogo. Alikuwa mwanamke wa Bukavu, wa makamo, mrefu, asiye na maneno mengi. Aligawa nywele kwa ncha ya chanuo, akashika fungu dogo mbele ya paji, akaliongezea nywele za bandia, akavuta, akasuka, akavuta tena. Kufikia jioni vichwa vya kila namna vilikuwa vimepita mikononi mwake, vya wanafunzi, vya wauguzi, vya mabibi harusi. Kila mmoja alisimama mbele ya kioo, akajigeuza huku na huku, akaenda zake. Rolande alipangusa kiti na kumngojea mwingine.

Kichwa chake mwenyewe hakuna aliyekiona. Alikifunga kitambaa cha kitenge asubuhi kabla ya kutoka mtaani kwake, Anderlecht, na hakukifungua mpaka arudi chumbani kwake.

Kinyozi hajinyoi, na msusi ni vivyo hivyo. Rolande alikuwa akisukwa na Nathalie, binti wa Goma aliyeshika kiti cha jirani yake. Nathalie alisuka mistari myembamba, akikaza mpaka nyusi za mtu zinapanda juu. Mara ya mwisho aliyomsuka, Rolande hakuweza kulalia ubavu wowote. Kisogoni palitoka vipele vyenye vichwa vyeupe, na alipotafuna mkate alihisi mapanja yake yakivutwa kama ngozi ya ngoma. Hakulalamika. Dukani walikuwa na usemi wao kwamba nywele isiyouma haijasukwa, na yeye pia ndivyo alivyowasuka watu. Kisha Nathalie akapata mchumba Paris, akahamia huko.

Misuko ile ilipaswa kufumuliwa baada ya wiki chache. Lakini ilikuwa vuli ya mwaka 1996, na vita vilikuwa vimefika Bukavu. Jumapili moja baada ya ibada, Papa Rigobert, mzee wa kanisa, alimwita kando. Alimshika mkono, akawa hauachii. Rolande akajua kabla hajaambiwa. Mama yake alikuwa amefia njiani, kwenye barabara ya Walikale, katika msafara wa watu waliokuwa wakikimbia. Waliomzika walikuwa wakimbizi wenzake, na hao nao walikuwa wamekwisha kutawanyika.

Kwao, nyumba ingejaa siku hiyohiyo. Wanawake wangelala chini, mikeka imebanana, na mmoja wao, shangazi au jirani, angemketisha mfiwa katikati ya magoti yake na kumfumua nywele, kwa maana nani amlie mzazi wake huku kichwa kimepambwa? Huku Anderlecht walikuja watu wachache wa kanisa alasiri moja. Waliimba kwa sauti ya chini kwa sababu jirani wa juu alikuwa akigonga sakafu. Wakanywa Fanta, wakatazama saa. Mama wawili walikuwa na zamu katika nyumba za wazee. Rolande aliwashukuru, akawasindikiza hadi kwenye lifti, akarudi kuosha glasi.

Kujifumua aliweza, vidole si vyake? Lakini kila alipoinua mikono kichwani aliona kama anajifanyia matanga peke yake, akaishusha. Kesho, alijiambia. Kesho ikazaa kesho nyingine, theluji ikaanguka, ikayeyuka, na mistari ya Nathalie bado ilikuwa pale chini ya kitenge, nywele mpya zimejisokota mashinani, mba imeshika. Iliwasha. Usiku alikipigapiga kichwa kwa kiganja ili asijikune.

Mwishoni mwa majira ya baridi aliingia dukani mwanamke aliyevaa ushungi wa kijivu na koti refu. Alisimama mlangoni, akatazama wanaume waliokuwa wakisubiri wake zao, akataka kugeuka. Rolande alimwona, akamwonyesha pazia la nyuma, palipokuwa na kiti cha kuoshea nywele.

"Ingia huku, ma soeur, dada yangu. Huku hakuna muntu."

Mwanamke akashtuka kwa furaha. "Kumbe unazungumza Kiswahili!"

"Ya kwetu ya Bukavu. Yako ni ya wapi?"

"Tanga. Naitwa Mwanakombo. Mume wangu anasoma huku, tunakaa Woluwe-Saint-Lambert, karibu na hospitali ya chuo." Alivua ushungi, akaketi, akashusha pumzi. "Nisuke twende kilioni, dada. Lakini usinivute."

Chanuo la Rolande likasimama hewani. "Kilio ya nani? Nani alikufa kwenu?"

Mwanakombo akacheka mpaka akashika tumbo. "Hakuna aliyekufa! Ndilo jina la msuko. Mistari ikielekea nyuma yote, kwetu tunaiita twende kilioni."

Alitarajia kusikia kicheko nyuma yake. Aligeuza shingo, akauona uso wa Rolande, na kicheko chake kikafa palepale.

"Dada, nani kafariki?"

"Mama yangu," alisema Rolande. Akaongeza haraka, kama anayeomba radhi, "Siyo leo. Ni tangu octobre."

Upande wa pili wa pazia muziki wa Kinshasa ulikuwa ukivuma na mtu alikuwa akibishana kuhusu mpira. Mwanakombo hakusema "pole" ya kupita. Alinyanyuka kitini, akamshika Rolande mikono yote miwili na chanuo lake, akamuuliza jina la mama, na alikuwa mtu wa namna gani. Rolande akajibu kwamba aliitwa Maman Furaha na aliuza samaki wa ziwani. Alishangaa kusikia sauti yake ikilitaja jina hilo. Hakuna mtu wa mji huu aliyekuwa amemuuliza.

Kisha akaanza kusuka, na kwa mazoea akakaza. Kwenye mstari wa kwanza tu Mwanakombo akadaka kiganja chake.

"Dada, taratibu! Unanivuta mpaka macho. Mimi dada yangu mkubwa hana panja hadi leo. Alianza kukazwa akiwa kigori, nywele zikawa zinatoka kidogo kidogo, mwishowe hazikurudi tena."

"Ikilegea haitaikala muda mrefu."

"Isikae! Nitarudi. Nywele ndizo zishikane, ngozi iachwe ipumue. Na hivi vinyweleo vya mbele viache, usiviingize."

Rolande alifumua mstari ule, akaanza upya. Alikumbuka mama yake alisuka hivyohivyo, kwa mistari minene, kibarazani, akisimulia habari za soko, na watoto walikuwa wakisinzia wakisukwa. Alikuwa amesahau kwamba mtu anaweza kusinzia akisukwa. Mwanakombo naye, kabla ya kufika nusu ya kichwa, alikuwa amesinzia.

Alipokuwa akifunga ushungi wake alimtazama Rolande kitambaa. "Na wewe nani anakusuka?"

"Hakuna."

"Basi Jumapili njoo kwangu," alisema Mwanakombo, akamwandikia anwani.

Jumapili hiyo Rolande alipanda metro, akashuka, akalipata jengo. Aliona jina kwenye kengele. Alisimama na mfuko wa machungwa mkononi, akawaza harufu ya kichwa chake chini ya kitenge, akawaza mistari ile kuukuu mbele ya macho ya mtu mwingine. Akageuka, akarudi Anderlecht, akala machungwa mawili dirishani akitazama maghala yaliyofungwa.

Mwanakombo alirudi dukani wiki iliyofuata, wala hakuja kusukwa. "Nilipika wali wa nazi," alisema. "Tukaula wawili, na mume wangu hapendi kiporo. Jumapili hii nitakungojea chini, mlangoni." Na kweli alimngojea mlangoni, kwenye upepo, kanga mabegani juu ya koti.

Baada ya kula, mume aliondoka kwenda maktaba. Mwanakombo alitandika mkeka, akaketi kwenye kochi, akapiga magoti yake kwa kiganja. Rolande akaketi chini, katikati ya magoti hayo, akafungua kitambaa mwenyewe.

Mwanakombo alipasha mafuta ya nazi kidogo, akayapaka kwenye misuko na kuyasubiri yaingie, ndipo akaanza kufumua kutoka nchani kwenda juu, polepole, kwa vidole, mafundo ya mashinani akiyalegeza moja moja badala ya kuyachana. Nywele za bandia zilianguka mkekani. Katikati ya kichwa kazi ilikwenda vizuri. Alipofika upande wa kushoto, juu ya sikio, msuko ulitoka wote, na mizizi yake, bila kuvutwa.

Rolande alihisi vidole vikisimama. "Iko mubaya?"

Mwanakombo akamshika mkono, akampeleka vidole hadi kwenye panja. Pale palikuwa laini kama shavu. Upande wa kulia palikuwa vilevile, ila kulikuwa na vinyweleo vinavyokwaruza.

"Wapi kulikuwa nywele, sasa ni kama ya mutoto," alisema Rolande, na ndipo alipoanza kulia. Alianza kwa sababu ya panja, lakini kilio kikapita panja, kikaenda mpaka barabara ya Walikale, mpaka kaburi asilolijua. Alimwita mama yake kwa sauti. Hapo hakuna aliyegonga sakafu. Mwanakombo aliendelea kufumua huku akimwacha alie, na mara mojamoja alisema tu, "Lia, mama. Lia," mpaka kichwa kizima kikawa wazi. Halafu akamwosha kwa maji ya uvuguvugu kwenye sinki la bafu, akikanda kwa ncha za vidole, si kwa kucha.

"Usisukwe kwa sasa," alimwambia akimkausha. "Kipumzike mpaka vipele vikauke. Mafuta kidogo, usikizibe kichwa. Ukilala funga kitambaa cha satini, hicho kitenge kinakwaruza. Na baadaye, mistari minene, mirahisi, na usikae nayo kama uliyeweka nadhiri."

"Zitarudi?"

"Kulia, inshallah. Kushoto sijui, dada. Sitaki kukudanganya."

Mwezi wa tano wasichana wa komunio ya kwanza walijaa dukani. Mama mmoja alimleta binti yake, Graciella, mtoto mwembamba wa miaka minane. Maman Marie-Claire, mwenye duka, alisimama kando ya kiti cha Rolande akisimamia kazi.

"Vuta, Rolande. Ile tresse inapashwa kuikala mpaka vacances, masomo ikifungwa."

Rolande alikuwa ameshakaza mistari mitatu. Mtoto hakupiga kelele. Machozi tu yalikuwa yakimtoka, na mikono yake imeshika ukingo wa kiti.

"Maman Marie-Claire, mutoto analia."

"Batoto bote banalia."

Rolande akaifumua mistari yote mitatu. Akaanza tena, minene, akiacha malaika ya paji yalale yalivyo. Marie-Claire akacheka kwa wateja wote wasikie. "Bon! Sasa Rolande anasuka kama muntu wa usingizi."

Rolande hakuwa mtu wa ugomvi. Aliweka chanuo chini, akafungua kitambaa chake mbele ya vioo vyote, akageuza kichwa kushoto, kisha kulia. "Angalieni," alisema. "Hii ni ile ya kuvuta." Mama wa Graciella aliinuka, akapitisha kidole kwenye paji la mwanawe, kisha kwenye lake mwenyewe.

"Funga kichwa, Rolande," alisema Marie-Claire kwa sauti ya chini. "Clientes banaona."

Hakufukuzwa. Lakini tangu siku ile alihamishiwa nyuma ya pazia, kuosha nywele na kusuka watoto, na wenzake walizungumza naye kwa yale ya lazima tu. Baadhi ya akina mama walianza kumuulizia. Wengine walisema misuko yake haidumu, na walisema kweli.

Jumapili za Woluwe ziliendelea mwaka mzima na zaidi. Upande wa kulia nywele zilirudi, fupi, zenye ukaidi. Upande wa kushoto ulibaki ulivyokuwa. Kisha mume wa Mwanakombo akamaliza masomo yake. Kiangazi cha mwaka 1998 Rolande aliwasaidia kufunga masanduku, akakunja kanga, akafuta vumbi kwenye rafu tupu. Kwenye uwanja wa ndege Mwanakombo alimsihi, "Tafuta mtu wa kukushika kichwa, dada yangu. Usikae hivi." Rolande akaahidi. Alirudi kwa treni, na ilipofika Jumapili alivaa, akachukua mfuko wake, ndipo akakumbuka. Akaketi kitandani na viatu vyake.

Mtu hakupatikana. Wasusi wenzake hakuwaomba, na wanawake wa kanisa walikuwa na zamu zao. Basi Jumamosi moja aliketi kwenye mwanga wa dirisha, akajaribu. Mikono ilichoka, vidole vikapoteza njia kisogoni, akafumua, akapumzika, akaanza tena. Alisuka mistari sita minene, kila mmoja ukielekea utakako, akaacha panja la kushoto wazi bila kulivutia nywele za kuliziba. Kichwa hakikuuma popote.

Hakufunga kitambaa. Alitoka hivyohivyo hadi soko la machinjioni, akapanga foleni ya ndizi. Mama mmoja wa Katanga, mnene, mwenye kikapu, alimkagua kutoka mbele na kutoka nyuma.

"Maman, nani alikusuka hivi?"

"Ni mimi mwenyewe."

"Eh, inaonekana!" alisema yule mama.

Rolande akacheka. Ilikuwa muda mrefu tangu acheke kwa sauti, na yule mama naye akaambukizwa, wakacheka wote wawili hadi muuza ndizi akawauliza wanataka nini. Kila mmoja akachukua ndizi zake. Yule mama akaaga, akapotea katikati ya watu, na Rolande akatambua kwamba hakumuuliza jina. Alisimama kidogo, akiangalia kule alikopotelea, upepo ukipita kwenye njia nyeupe za kichwa chake. Kisha akakamata mfuko wake, akaelekea nyumbani.