Samaki wa Chania waliobatizwa Mwihoko

Saa kumi na mbili na dakika arobaini na mbili asubuhi, siku ya Jumapili, pastor wetu alinipigia simu akaniambia samaki wangu watoke kwenye kisima cha ubatizo kabla ya saa nne.

Wakuu, habari zenu. Ninayoandika hapa yana mashahidi kanisa zima, kwa hivyo hata nikitaka kuongeza chumvi sina nafasi.

Mimi ni fundi wa pampu za maji, mzaliwa wa Thika, sasa naishi Mwihoko. Sijasomea samaki. Nimesoma PDF na kukaa kando ya mto na daftari.

Kuna samaki mdogo mwenye sharubu nne. Tukiwa watoto alijaa mto Chania. Leo unamtafuta siku nzima na hapatikani.

Tukaungana watu watano, tukaandika plan ya kumrudisha: kukusanya wazazi, kuwazalisha, kisha kuwaachilia juu ya maporomoko.

Mwaka mzima wa kutafuta ulitupa samaki kumi na wanne. Hao tu. Wakifa, plan imekufa.

Kidimbwi chao kilikuwa kipya, na saruji mpya huua samaki mpaka ioshwe wiki kadhaa. (Wanaotaka kujenga, mnakili hiyo.) Pastor akatuazima kisima cha ubatizo, maana ubatizo huwa Desemba.

Nilikuwa na ukurasa mzima wa hatari. Ukame, ndege, maji machafu ya viwandani, wezi. Ubatizo haukuwepo.

Hatari niliyoipigia mstari mara mbili ilikuwa mtu mmoja anayeitwa Njoroge. Huyu huvua Chania kwa neti ya mbu, anasomba mpaka vifaranga. Ni yeye aliyefanya tuweke mlinzi kwenye bajeti, miezi sita mfululizo.

Sasa kumbe huyo huyo Njoroge alikuwa anaoa kwetu Mwihoko, na mama mkwe amesema hakuna harusi bila ubatizo. Ndiyo maana Desemba ikaletwa Jumapili hiyo.

Nilifika na ndoo tatu na kichujio cha chai. Maji yalikuwa ya kijani, huoni hata kidole chako. Jambo la kwanza nilimwomba pastor asiweke dawa ya maji. Akakubali.

Mama Nekesa, mkuu wa ma-usher, ambaye huuza samaki soko la Kiuu siku za wiki, alinitazama nikihangaika na kichujio.

"Baba Ciku, huyo si kuku. Hata ukimfukuza hachoki."

Akavua viatu, akaingia na leso yake kama wavu, na kwa dakika ishirini akatoa tisa. Mimi nilikuwa nimetoa kichujio kilichovunjika.

Saa nne ikafika. Watano wamebaki ndani. Nikamsihi pastor tuahirishe. Akaangalia waumini, akaangalia mama mkwe, akaniambia polepole, "Hata Yordani ilikuwa na samaki."

Wa kwanza kuingia alikuwa Njoroge, ndani ya kanzu nyeupe yenye mikono mipana.

Mimi nimepiga magoti ukingoni na ndoo. Watu walidhani naomba. Kweli nilikuwa naomba, lakini si kwa ajili ya Njoroge.

Pastor akamzamisha. Njoroge akatoka majini kwa nguvu ambayo sijawahi kuona kanisani. Anaruka, anatikisa mkono wa kulia, anazunguka. Kanisa zima likasema amina. Mama mkwe akalia kwa furaha.

Mimi peke yangu nilijua ni nini kiko kwenye mkono wa ile kanzu.

Hatimaye samaki akateleza mpaka kwenye kiganja chake. Nikafunga macho. Nilipofungua, Njoroge alikuwa amemkinga kwa mikono miwili iliyojaa maji, bila kumbana, akamshusha ndani ya ndoo yangu. Mtu anayejua samaki.

Wanne waliobaki tuliwatoa baada ya ibada, kisima kilipofunguliwa maji. Wote hai. Kumi na wanne kamili.

Njoroge alinisubiri nje akiwa bado ameloa. Nikajiandaa kumweleza sheria za uvuvi. Hakunipa nafasi.

"Mzee, hao tumebatizwa pamoja. Nitawatega aje?"

Nilidhani ni maneno ya siku moja. Lakini tulipowaachilia watoto wa kwanza pale Chania, wavuvi wenzake walikuwa wamehama sehemu hiyo. Amewaambia samaki wa pale ni washirika wa kanisa. Yeye mwenyewe hupita jioni kuwaangalia, na hataki malipo.

Nilichojifunza: kabla ya kuandika mtu kwenye orodha ya hatari, jua anaoa wapi.

Wakuu wenye mito kwenu, nani mwingine amelinda samaki bila kuajiri? Semeni hapa chini. Mimi nimeshafuta mlinzi kwenye bajeti: miezi sita kwa elfu sita, tumeokoa shilingi elfu thelathini na sita. Ukitoa kichujio cha chai, elfu thelathini na tano, mia tisa na hamsini.