Hakuna Kibonyezo cha Hodi

Stoo ya hospitali ile ilikuwa na mlango mmoja, na mlango ule ulikuwa na mwenyewe, mama mtunza stoo. Walimwita Kufuli, tena mbele ya macho yake, naye hakununa. Hata mganga mkuu akitaka sabuni ya wodini alisimama kizingitini, akapiga hodi, akangoja. Ukimwuliza Kufuli ukali wote huo wa nini, anakujibu, "Mwizi haandikwi usoni, mwanangu."

Usidhani alizaliwa hivyo. Mumewe alipofariki, ndugu wa mume waliingia ndani bila hodi, wakabeba kitanda, wakabeba redio, wakamwaga maji yaliyokuwa jikoni ili sufuria nayo iende. Yeye alikuwa ameketi mkekani, mtoto mgongoni, anawatazama, hasemi kitu. Majirani wakamfariji kwamba ndivyo mambo yalivyo. Tangu siku ile maneno hayo yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Basi yule mtoto wa mgongoni akakua, akaleta mchumba, fundi wa majokofu. Mpole! Mpole mpaka anatia shaka. Shikamoo mama wakati wa kuingia, shikamoo mama akitoka kunawa mikono. Kufuli akaguna: kikulacho ki nguoni mwako. Jumapili moja kijana akaja kula kwao, na jibu lilikuwa linangojwa siku hiyo hiyo. Akikubali, wazee wa kijana waje kuposa. Akikataa, basi tena, maana binti alishaapa kwamba bila radhi ya mama haolewi.

Baada ya chakula kijana akachomeka gemu kwenye televisheni. Likatokea jitu lenye upanga, likasukuma mlango wa watu, likavunja vyungu, likafungua sanduku, likabeba.

"Hiyo nyumba ya nani?" Kufuli akauliza.

"Ya huyo mzee aliyesimama pembeni, mama."

"Kumbe mwenyewe yupo! Anasemaje?"

"Anasema leo kuna upepo."

"Makubwa!"

Jitu likaokota kuku mzima ndani ya chungu, likamla, na majeraha yote yakafunga papo hapo. Likatia ngazi mfukoni. Halafu, na ushujaa wake wote, likashindwa kuvuka kauzio ka kufika magotini. Binti na mchumba wake wala hawakushtuka.

"Mbona halipigi hodi?"

"Hakuna kibonyezo cha hodi, mama," kijana akacheka. "Ndivyo mchezo ulivyo."

Lo! Hapo ndipo alipolikoroga. Moyoni Kufuli alishafunga hesabu: huyu kazoea kuingia kwa watu na kubeba, na haoni ajabu.

Binti akatoka kwenda dukani kununua soda. Simu ya kijana ikalia, naye akatoka nje kuipokea. Mkoba wake ukabaki kitini. Kufuli akautazama, akatazama mlango, akautazama tena. Nachungulia tu, akajiambia. Akafungua zipu. Shati. Bisibisi zilizofungwa kitambaa. Akazamisha mkono mpaka chini, akitafuta pete, picha ya mwanamke mwingine, chochote cha kumnasia.

Alipoinua macho, kijana alikuwa mlangoni, simu mkononi, anamtazama, hasemi kitu.

Kufuli aliyajua macho yale. Yalikuwa yake mwenyewe, ya siku ile mkekani. Aibu ikamshika.

Akafunga zipu, akaurudisha mkoba mahali pake. Akampita kijana, akatoka nje, akageuka na kusimama kwenye kizingiti cha nyumba yake, funguo za stoo zikining'inia shingoni.

"Hodi," akasema.

Kijana akababaika. "Mama, si kwako hapa?"

"Nimesema hodi."

Kijana akasogea pembeni. "Karibu, mama."

"Nisamehe, baba," Kufuli akasema, bado amesimama nje. "Waambie wazee wako waje."