Ziwa Lililoshangilia Kabla ya Bao

Nakumbuka kuna kipindi, mwanangu, niliamini kwa moyo wangu wote kwamba watu waliozama katika Ziwa Kivu wanatazama mpira, na kwamba wao huliona bao kabla halijafungwa. Usicheke bado. Aliyeamini hivyo ni mimi huyu, niliyesoma shule ya jioni miaka sita, nikiingia darasani na vumbi la saruji kwenye nyusi, nikapokea cheti changu mbele ya watu elfu kumi. Sawa, walikuwa arobaini, na wengine walifuata soda. Ila cheti kipo, kinaning'inia ukutani sebuleni, na mwenye cheti hicho aliwaamini wafu wa ziwani kuliko saa yake ya mkononi.

Nikueleze ilivyoanza. Hapa Gisenyi, chini kule ufukweni karibu na mpaka, palikuwa na kibanda cha mpira cha bwana mmoja aitwaye Kizito. Mbao, mabati, mabenchi ya kukwaruza makalio, skrini moja ukutani, na juu ya paa sahani kubwa ya antena ambamo mke wake alianika maharage. Kila Jumamosi alasiri tulijaa humo: waendesha moto, yaani pikipiki za abiria, wauza sambaza, wale dagaa wa ziwani, askari waliokuwa mapumzikoni, na mimi fundi mwashi. Kabla ya mechi tulizichambua timu. Wakati wa mapumziko tulihamia kwenye siasa, tukawapanga upya mawaziri wa nchi saba. Mechi ikiisha tulimalizia na uchumi, kwa nini viazi vya Bugeshi vimepanda na nani alaumiwe. Unajua shabiki wa mpira alivyo. Hakuna jambo chini ya jua asilokuwa na maoni juu yake, na sauti yake hukua kadiri asivyojua.

Jumamosi moja ukungu ulikuwa umelala juu ya maji kama pamba. Nilitoka nyuma ya kibanda kujisaidia. Nikiwa nimesimama pale, nikasikia umati ukipiga kelele. Sauti ilitoka ziwani, mwanangu, kwenye ukungu wenyewe, nzito na ya chini, kana kwamba watu mia moja wameshangilia wakiwa wamefunikwa blanketi. Halafu kimya. Maji hayakutikisika hata kidogo.

Nikachungulia ndani kupitia ufa wa mbao, nikidhani timu yetu imefunga. Wapi. Kwenye skrini kipa wetu ndiyo kwanza alikuwa anauweka mpira chini aupige. Akaupiga. Ukatua katikati ya uwanja, ukapigwa pasi, ukapigwa pasi nyingine, ukaenda pembeni, ukarudi, kichwa, bao! Kibanda kizima kikalipuka. Mimi peke yangu nilibaki nje na zipu wazi, vinyweleo vimesimama hadi vya masikioni.

Nilimvuta Kizito pembeni, nikamsimulia. Akaniuliza polepole, "Na wewe umewasikia?" Akaniambia kwamba ni wale wa ziwani. Sasa, mtu yeyote wa hapa anajua kwamba chini ya maji yale kuna gesi, na kwamba zipo sehemu ambapo muogeleaji hutulia ghafla katikati ya kicheko, na wenzake hawamwoni tena. Kizito alidai kwamba watu hao hawana kazi kule chini, wanapenda mpira kama walivyoupenda wakiwa hai, na saa yao inakwenda mbele ya yetu. Nilimsikiliza kama mwanafunzi. Kisha nikaitumia elimu yangu yote ya jioni kumthibitishia kwamba yuko sahihi: watu walio hai hawawezi kushangilia bao ambalo halijafungwa, kelele inatangulia bao, basi wanaoshangilia hawako hai. Hesabu safi. Mwalimu wangu angenipa kumi kwa kumi.

Kuanzia hapo nikawa mtu mkubwa. Nilikaa benchi la mwisho, sikio kwenye ufa, simu nimeizima isinivurugie usikivu. Ziwa likinguruma, nilinyanyua mkono, kibanda kikanyamaza, nikatangaza, "Linakuja." Na lilikuja, kila mara. Watu walitoka Kanama kwa basi dogo kuja kuniona. Wakaniita Mwalimu. Kizito akaongeza mabenchi, akanipa chai ya bure yenye maziwa.

Lakini mpira pekee haukunitosha. Nikaanza kutabiri siasa. Ziwa likinguruma mara mbili, nasema mkubwa fulani atahamishwa. Likinguruma kwa muda mrefu, nasema bei ya unga itashuka. Nilipopatia, nilikumbusha watu mwezi mzima. Nilipokosea, nilikuwa wa kwanza kusahau.

Dada yangu mkubwa, Dafroza, aliolewa upande wa pili wa mpaka, Goma, Kongo, na mtu mmoja mzuri aitwaye Bahati, fundi wa kufunga antena. Sauti ya Bahati, mwanangu! Akikusalimia barabarani, mbuzi wa mtaa wa tatu wanageuka. Walikuwa na binti mmoja, Neema, wa miaka sita. Nyumba yao haikuwa mbali na maji, mwendo wa mguu tu kutoka kwangu ukishavuka mpaka. Kila wiki Bahati alinipigia akinialika nikatazame mpira kwao, kwenye baa ya jirani yake iliyo ufukweni. Kila wiki nilikataa. Nilimwambia mimi nina kazi Jumamosi. Dafroza alipopita na karoti na vitunguu vyake kwenda kuuza, nilimsimulia jinsi ninavyojua mambo, ila siri ya ziwa sikumtolea, maana alikuwa mtu wa kuuliza maswali. Yeye alimwambia tu binti yake kwamba mjomba anajua yote. Hilo likumbuke.

Ikafika Jumamosi ya mechi kubwa. Mchana ardhi ilitikisika kidogo, vikombe vikagongana, tukaendelea na maisha, kwa sababu hapa ardhi hutikisika kama mtu anayejigeuza usingizini. Saa kumi mechi ikaanza. Nilizima simu, nikabandika sikio.

Dakika ya kumi na tano timu yetu ikafunga. Ziwa halikusema kitu.

Watu waligeuka kunitazama. Nikasema labda wamesinzia. Likafungwa la pili, la wapinzani. Kimya. Jado, mwendesha moto mwenye mdomo mrefu kuliko barabara ya Kigali, akauliza kwa sauti, "Mwalimu, watu yako ya maji iko na congé leo, iko likizo?" Kibanda kikacheka, lakini kwa kicheko kifupi, na nikaona baadhi wakivuta makoti yao.

Nilitoka nje. Ukungu haukuwepo. Ziwa lilikuwa tambarare kama bati jipya, bila mtumbwi hata mmoja, bila ndege. Upande wa Goma, ambako Jumamosi husikika muziki, pikipiki na wauzaji wakiitana, hakukutoka sauti. Pale penye baa na miti ya ufukweni niliona viti vya plastiki tu, vimepinduka. Nilisimama nikisikiliza hadi nikasikia damu yangu mwenyewe. Nikahisi kwamba safari hii ziwa ndilo linalonisikiliza mimi.

Mtu mwenye akili angejiuliza: mji mzima umenyamaza, kuna nini? Mimi nilijiuliza: ziwa linamaanisha nini? Nikarudi ndani. Mzee mmoja muuza sambaza alisema jambo hili halijakaa vizuri, afadhali tuwashe redio, au mmoja wetu aende hadi barrière ya mpakani akaangalie. Askari mmoja alikwisha simama. Na mimi, mwanangu, nikamkalisha. Niliinua mkono wangu ule wa utabiri, nikaeleza kwa dakika kumi kwamba ukimya huu ni dalili ya utulivu wa kisiasa, kwamba kanda yetu inaingia kwenye neema ya kiuchumi, kwamba wafu wameridhika na hawana la kuongeza. Nilitumia maneno makubwa niliyoyajua yote na matatu nisiyoyajua. Wakanisikiliza. Wakaketi. Tukatazama mechi hadi mwisho, kisha nikachambua hadi saa kumi na mbili ikakaribia.

Ndipo nikawasha simu. Ilitetemeka mkononi kama mdudu aliyekamatwa, ikatetemeka, ikatetemeka. Ningekuambia mara elfu moja. Zilikuwa simu thelathini na moja nilizokosa, na zote zilitoka kwa Dafroza. Nilipompigia hakusalimia. Aliuliza jambo moja tu: "Neema iko kwako?"

Nikaelewa vipande vipande, kwa jinsi alivyokuwa akilia. Baada ya ule mtikisiko, huko Goma habari ilipita kwamba mlima wa volkano umefunguka. Watu waliacha redio zikiongea, vyungu motoni, wakakimbia. Wengine walikimbilia upande wa pili wa mji, wengine mpakani kwetu. Kwenye msongamano ule mkono wa Neema uliponyoka. Bahati alirudi nyuma kumtafuta akiita jina lake barabara nzima. Dafroza akasukumwa na umati kuelekea upande asioutaka, akinipigia mimi, mwenye nyumba karibu na mpaka, nikaangalie kama mtoto amevuka. Alinipigia tangu saa kumi. Mimi saa kumi nilikuwa na sikio kwenye mbao.

Nilikimbia. Sijawahi kukimbia vile, nadhani miguu iligusa chini mara mbili tu. Barrière ilifurika watu, magodoro, kuku, wazee waliobebwa mgongoni, na hakuna aliyepaza sauti. Watu wengi kiasi kile, na ukimya ule ule wa ziwani. Nilipita katikati yao nikitazama nyuso za watoto, na kila uso usio wake ulinipunguzia miaka.

Nilimkuta nje ya lango la upande wetu, juu ya jiwe, pembeni ya mama mmoja muuza maziwa aliyemfunika kitenge. Kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Yule mama aliniambia kwamba mtoto amekaa pale tangu saa kumi na nusu, amekataa kupelekwa popote, amekataa hata maziwa. Neema aliponiona hakulia. Alinitazama tu, kama anayekagua kama kweli ni mimi.

"Mama alisemaka nikipotea nikuje kwa mjomba," akasema. "Alisema we unajuaka yote. Nikangoja ujue."

Nimejengea watu nyumba, mwanangu, nimebeba mawe ya kila uzito. Sijawahi kubeba kitu kizito kama sentensi ile.

Dafroza alifika jioni ile, na Bahati akamfuata, mzima, ila sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa kwa kuita. Ile sauti ya kugeuza mbuzi ilibaki upepo mtupu. Walilala kwangu siku tatu, hadi ikajulikana kwamba mlima haujafunguka, na watu wakarudi kwenye vyungu vilivyoungua.

Asubuhi ya kwanza, ile Jumapili, tukiwa kwenye chai, nilimwomba dada yangu msamaha. Katika kujitetea nikaitoa ile siri. Nikamweleza kwamba simu niliizima kwa sababu ya wale wa ziwani, kwamba huwa wanashangilia kabla ya bao, na kwamba jana walinyamaza, nikashindwa kuelewa kwa nini. Aliweka kikombe chini. Akamtazama mume wake, na Bahati, asiye na sauti, akajishika kichwa kwa mikono miwili.

Alichonijibu nitakuambia. Kwanza chukua nasaha yangu, kwa sababu ukishasikia jibu utacheka, na anayecheka hashiki neno. Kuwa na maoni, mwanangu. Pigia kelele timu yako, wapange mawaziri, laumu bei ya viazi, hiyo ni raha ya mtu huru na hata mimi sijaiacha. Lakini ukisikia sauti usiyoielewa, uliza kwanza nani anaita, kabla ya kuuliza inatabiri nini. Na sauti uliyoizoea ikinyamaza, usiketi ukaifasiri. Simama, nenda ukaangalie, na ukiona mwenzako anasimama, usimkalishe kwa maneno yako matamu. Ukialikwa na ndugu, nenda, hata kama una kiti chako cha heshima mahali pengine. Na simu yako iache wazi.

Mungu akupe masikio mepesi kuliko mdomo wako. Akupe watu wa kukuita, na akujalie uwahi wanapokuita. Mtoto yeyote atakayekungoja juu ya jiwe, akuone unatokea kabla maziwa aliyopewa hayajapoa.

Haya. Dafroza alinieleza taratibu, kama unavyomweleza mtu aliyeanguka kichwa chini.

"Petit, mudogo wangu, ile ilikuwa sisi. Tunakalaka pale kwa baa, pembeni ya maji, watu wengi, na Bahati ndiye anapigaka kelele kupita wote. Ya kwetu inaingia na antena, inafika mbele. Kizito yeye anavutaka mupira na internet ya telefone, ya kwake inachelewa. Antena ya Kizito ni ya maharage tu. Hakuna mufu pale. Ni shemeji yako. Na kila Jumamosi alikuita ukuje, ukakatala."