Maji ya Manjano ya Shubiri

Nakumbuka siku tuliyomvusha Zuhura mto. Kaa hapa, mwanangu, nikueleze, maana jana nilimwona binti kwenye simu akisaga jani zima la alovera, na ganda lake, akisema linasafisha tumbo. Moyo ulinilipuka! Nyinyi mnaiita alovera, sisi tuliiita shubiri, na uchungu wake haukupungua kwa kupewa jina jipya.

Zuhura alikuwa wifi yangu, mke wa kaka yangu, nami nilikuwa kigoli. Tulikaa Bweni, na mji wa Pangani uko ng'ambo ya mto. Zuhura alikaa sana bila kushika mimba, na maneno ya watu unayajua. Basi ilipoingia, nyumba nzima tulitembea kwa kunyata. Bibi yetu alimkataza hata kuteka maji.

Ramadhani ile nilimwagikiwa mafuta ya kalimati mkononi. Bibi akanimwagia maji ya mtungi mpaka moto ukatulia, kisha akakata jani la shubiri nyuma ya nyumba. Akalisimamisha bakulini mpaka maji yake ya manjano yakachuruzika yote, akayamwaga. Akaliosha, akalimenya, akanipaka ule ute wa ndani. Ulinipoza, mwanangu, nikaacha kulia papo hapo. Bibi hakueleza kitu, alifanya tu, na Zuhura alikuwa pembeni akitazama.

Kumbe mwenzetu tumbo lilikuwa limemfunga, hapati choo, na haya zikamzuia kusema mbele ya ukweni. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Methali hii watu huitania, mimi siwezi tena kuicheka.

Asubuhi moja, mkono wangu ulipokwisha kupona, nilimkuta ameshikilia mlango wa choo, jasho linamtiririka, kanga imelowa damu. Nilipiga ukelele mpaka majirani wakatoka.

"Wifi, umekula nini?"

"Nimekunywa shubiri, tumbo lifunguke. Nimeiponda yote, nikachanganya na asali."

"Shubiri, wifi? Ya kunywa?"

"Si tunajipaka kwenye ziwa tukiwaachisha watoto? Mtoto mdogo hulamba wala hafi. Mimi mtu mzima itanifanya nini?"

Ni kweli, kwetu mama akitaka kumwachisha mtoto ziwa hujipaka shubiri kidogo, mtoto akionja anakunja uso, anaacha. Lakini kuonja kwa ncha ya ulimi ni kitu kimoja, na kumeza kikombe kizima ni kingine. Nani angewaza kuwa atayalinganisha?

Bibi alikuja mbio, akajipiga kifua. "Lahaula! Na yale maji ya manjano umeyanywa?"

Zuhura akaitikia kwa kichwa. Tukamchukua mpaka kivukoni, na pantoni lilikuwa ng'ambo, linapakia watu taratibu kana kwamba hakuna anayekufa duniani. Zuhura alinishika akawa ananiuliza, "Wifi, mtoto yumo? Niambie yumo." Nikamwambia yumo. Sijui ulimi niliupata wapi.

Hospitalini waliyaokoa maisha yake. Mimba haikubaki, wala hakushika nyingine. Daktari alituambia maji yale huvuruga matumbo vibaya, na mjamzito hapaswi kuyatia kinywani.

Nilingoja Bibi amgombeze Zuhura. Badala yake alijigombeza mwenyewe, mbele ya ukoo mzima, mtu mzima yule, machozi yanamtoka: "Mimi nilimwonyesha dawa, hatari yake sikumwambia. Mzee akinyamaza, kijana hujifunza nusu." Wallahi, nilishtuka kuliko nilivyoshtuka kwa ile damu. Sikuwa nimewahi kumsikia mkubwa akisema hivyo.

Kwa hiyo mimi sinyamazi, hata mkiniita mropokaji. Shubiri ni dawa ya ngozi, mwanangu. Umeungua kidogo, au jua limekuchoma, poza kwanza kwa maji safi, kisha kata jani, yachuruzishe yale maji ya manjano, osha, menya, upake ute. Jaribu padogo kwanza, na ikikuwasha, acha. Kidonda kilichochimba au moto mkubwa, hiyo si kazi ya jani, nenda hospitali. Kuinywa usithubutu kwa kuambiwa na simu, na mwenye mimba asiiguse kabisa kwa kinywa. Tumbo likikufunga, sema. Mwambie mama, mwambie mkwe, mwambie nesi. Kuuliza si ujinga, na aibu ya kusema huisha siku hiyohiyo.

Mola akujaalie mikono inayoponya na kinywa kisichoona haya kuuliza. Na mtoto utakayemngojea, akufikishie mikononi, akiwa hai, analia. Amin.