Siku Tuliyomkata Mtoto Kimeo

Binti yangu wa kwanza alikuwa na miezi tisa alipoanza kukohoa. Tulikuwa tunaishi Ngombezi, karibu na Korogwe, katika nyumba za kambi ya shamba la mkonge, nami nafanya kazi kiwandani humo. Kikohozi kilipoingia wiki ya pili, mama mkwe akaja kutoka Handeni kutusaidia. Alimpakata mjukuu wake mlangoni penye mwanga, akamfungua kinywa.

"Baba, huyu ana kimeo," akaniambia. "Kile kinyama cha kooni kimerefuka, ndicho kinachomkereketa. Kisipokatwa kitamnyonga."

"Tusimpeleke hospitali kwanza, mama?"

"Hospitali hawakijui kimeo. Huyo mkeo alikatwa, nilimshika mwenyewe. Si unaye hapo, mzima?"

Mke wangu alinitazama. Nilikuwa na la kusema. Kwa siku mbili nilikuwa nimemwona mtoto akihema upesi hata akiwa usingizini, na ziwa analikamata na kuliacha. Lakini kubishana na mkwe si jambo dogo. Nikanyamaza.

Fundi wa kukata alikaa kambi ya jirani, mzee mpole. Alinawa mikono kwa sabuni, nami nikajifariji kwa hilo. Aliniambia nimshike mtoto kichwa, nikamshika. Haikuchukua hata dakika. Mtoto alipiga ukelele, kisha akatema damu.

"Itakata tu," fundi akasema.

Haikukata. Kufika saa tisa alasiri kanga mbili zilikuwa zimeloa, na mtoto ameacha kulia. Midomo yake ilikuwa myeupe. Nikakimbia kutafuta pikipiki mbili, tukaenda hospitali Korogwe.

Muuguzi alimwangalia kinywani mara moja tu. Hakutufokea. Walipokwisha kumzuia damu, alipandisha gauni la mtoto akaniita.

"Baba, tazama hapa. Akivuta pumzi, chini ya mbavu panabonyea. Hii ni nimonia. Ugonjwa uko kifuani, kooni hakukuwa na kitu. Mtoto akianza kuhema hivi, au akishindwa kunyonya, mlete siku hiyo hiyo."

Mtoto alihitaji kuongezewa damu. Mimi nilipimwa, yangu haikufaa. Mke wangu alikuwa ananyonyesha, wakamkatalia. Ya mama mkwe ikafaa. Alinyoosha mkono akageukia ukutani, nami nikasimama karibu yake.

"Mwanangu," akasema bila kunitazama, "sikutaka kumuua."

"Najua, mama. Mimi ndiye niliyemshika kichwa."

Tulikaa wodini siku kumi, mtoto akichomwa sindano asubuhi na jioni. Siku ya nne alinyonya mpaka akashiba, na mke wangu akalia kwa mara ya kwanza tangu tufike.

Sasa binti yetu yuko darasa la tatu. Kifua chake ni kizima, ila akinywa maji kwa haraka humtokea puani, na wenzake humcheka. Mwaka huu aliniuliza sababu. Ningeweza kumwambia kwamba bibi yake ndiye aliyetaka. Lakini nilimweleza yote, pamoja na niliyoyaona nikayanyamazia, na mikono yangu ilivyomshika.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Baba, niliumia sana?"

Nikamwambia ndiyo.